Nyumba ya Kupangisha: Kibali Kwanza, Tofali Baadaye

Wakati wa mavuno yaliyopita mwanachama mwenzetu mmoja wa upande wa Wete alikuja ofisini kututaka shauri. Binti yake ameolewa Arusha, na yeye na mumewe wana nyumba yao katika kata ya Engutoto, upande wa Njiro. Mzee huyu alikuwa amekwisha pokea fedha za karafuu zake, akaona kuliko kuzila kidogo kidogo mpaka zimalizike, heri awasaidie wanawe kujenga nyumba ndogo ya kupangisha nyuma ya ile kubwa: vyumba viwili, ukumbi, jiko na choo chake. Akatuuliza, "Katibu, jambo hili lataka rukhsa ya mtu?" Nasi tukamjibu kwa wepesi, "Ami, nyumba yao, kiwanja chao. Rukhsa ya nani tena?"

Jawabu lile lilikuwa la makosa, na makosa yale yamemtia mwenzetu katika khasara. Kwa hivyo yatupasa kueleza katika ukurasa huu mambo yote yalivyokuwa, pamoja na yale tuliyojifunza, ili mwanachama mwingine mwenye jamaa Arusha au mji wowote wa Bara asije akaponzwa na maneno yetu.

MAMBO YALIVYOKWENDA

Fedha zilipelekwa, mafundi wakaitwa, kuta zikapanda mpaka kwenye lenta. Hapo akatokea mtu mmoja akawaambia wale vijana kuwa kibali si kazi, yeye anajuana na watu. Wampe shilingi 400,000 tu atakileta. Watu wa namna hii huko Bara huitwa vishoka. Kweli akaleta karatasi yenye muhuri, nayo ikawekwa kabatini. Kabla bati halijapigwa akaja na mpangaji, kijana mwenye kazi yake, akapapenda mahali, akalipa kodi ya miezi sita mbele kama ilivyo desturi ya miji ya huko: shilingi 200,000 kwa mwezi, jumla shilingi 1,200,000. Fedha hizo zikanunua mbao na bati.

Asubuhi moja wakafika maafisa wa ujenzi. Waliomba kibali, wakaonyeshwa ile karatasi, wakairudisha wakasema haikutoka kwao. Wakatia alama ya X ukutani kwa rangi nyekundu, wakaacha na amri ya kusimamisha kazi. Binti akampigia simu baba yake, na baba akaja kwetu. Hakugomba. Alisema tu, "Katibu, wewe ndiye uliyeniambia hapana rukhsa. Basi twende sote." Haki ilikuwa yake. Tukavuka bahari, tukapanda basi la Arusha.

KWA NINI ARUSHA WAPANGAJI WENGI

Kabla ya kuendelea, msomaji asije akadhani kuwa mzee wetu alikuwa na tamaa isiyo na msingi. Arusha ni mji wa wageni. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo tangu 2007. Kabla yake, Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu kesi za mauaji ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilifanya kazi katika mji huo mpaka ilipofungwa Disemba 2015, na watu wake wa mataifa mengi walikuwa wakipanga nyumba za wenyeji. Tena wapo watalii wanaopanda Mlima Meru au wanaopita kwenda Ngorongoro na Serengeti. Na tangu kutangazwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja mashindano ya mpira ya Afrika yaliyopangwa kwa mwaka 2027, na kuanza kujengwa uwanja mpya katika kata ya Olmoti mwaka 2024, kila mwenye chumba cha ziada amekuwa akikitazama kwa jicho jingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi wakulima wa karafuu twajua kuwa mkarafuu huzaa sana mwaka huu, na mwaka wa pili ukakuonyesha majani matupu. Kodi ya chumba, ijapokuwa ndogo, huingia kila mwezi. Nia ya mzee ilikuwa njema. Kilichokosekana ni utaratibu.

NENO SI UKUTA, NENO NI MTO

Siku ya pili tulikwenda kwanza kwa Mwenyekiti wa Mtaa. Huyu kazi yake yakaribia kazi ya Sheha wetu wa huku, ila Sheha huteuliwa, na Mwenyekiti wa Mtaa huchaguliwa kwa kura. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 2024. Alitupokea vizuri, akatutaka radhi kuwa hakupata kuletewa khabari ya ujenzi ule hata siku moja, akatupa mtu wa kutupeleka kwa afisa wa mipango miji.

Afisa mwenyewe alikuwa mwanamke kijana. Alimwamkia mzee, "Shikamoo mzee wangu," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu." Akaja mpaka kiwanjani na kamba ya kupimia. Nyuma ya kiwanja liko korongo dogo lenye kijito, ambacho wakati wa kiangazi mtu aweza kukiruka. Akapima kutoka ukingo wa kijito mpaka ukuta wa nyuma, kamba ikaonyesha mita 55. Akasema, "Mzee wangu, kuta zako ni nzuri na fundi wako anajua kazi. Neno si ukuta, neno ni mto."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mzee akauliza, "Kwa kijito hiki, binti yangu? Mbuzi anakivuka." Yule afisa akamjibu kwa upole kuwa mbuzi huvuka mwezi wa Septemba, amngoje mwezi wa Aprili. Wenyeji hawakuhitaji maelezo zaidi. Arusha iko chini ya mlima, na mvua ikinyesha juu, makorongo ya chini hujaa kwa muda mfupi sana. Aprili 2024 maji yalilisomba gari la skuli katika mji huo huo, na watoto wakapoteza maisha.

Hapo ndipo tulipofahamu maana ya kibali. Sisi tulikidhania kuwa ni karatasi ya kumpa mtu wa ofisini sababu ya kukutoza fedha. Kumbe kama mchoro ungepelekwa kabla ya jembe la kwanza kupigwa, mtu mwenye kamba angefika wakati ule, angesema "sogeza mita 5 mbele", na kusogeza mstari kwenye karatasi hakuna gharama. Sasa mita 5 zile zilikuwa chumba kizima cha matofali.

NJIA ILIYO SAWA

Tumeandika hapa chini hatua zenyewe kama tulivyofundishwa, kwa mpango wake.

Kwanza, ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Bara ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa miaka na kwa masharti. Hati miliki huandikwa matumizi ya kiwanja: makazi, biashara, au makazi na biashara. Isomeni. Asiye na hati ila karatasi ya kuuziana tu, na kiwanja hakijapimwa, aanze kwa kuulizia upimaji. Katika miteremko ya Meru viko viwanja vingi vilivyo katika ardhi ya vijiji, na hivyo vinafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, na mwenye kauli ya kwanza ni Halmashauri ya Kijiji. Mgeni wa nchi asilichukulie jambo hili kwa mchezo. Wameru walihamishwa kwa nguvu na Serikali ya Kiingereza kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Watu wenye kumbukumbu hiyo hawapendi kuona mpaka wa kiwanja ukisogezwa usiku.

Pili, majirani na Mtaa. Mwambie Mwenyekiti wa Mtaa na jirani wa kila upande. Jirani aliyeambiwa mapema huwa shahidi. Asiyeambiwa huwa mshitaki.

Tatu, mchoro. Usichorewe na fundi juu ya mchanga. Mtafute mchoraji anayetambulika, aonyeshe nyumba iliyopo, ile inayoongezwa, mipaka ya kiwanja, njia, shimo la maji machafu, na mto kama upo.

Nne, kibali cha ujenzi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, huruhusiwi kuendeleza kiwanja katika eneo la mipango pasipo idhini ya halmashauri inayohusika. Maombi huambatanishwa na michoro, nakala ya hati na stakabadhi za malipo ya ardhi. Yatazamwa na watu wa mipango miji, ardhi, uhandisi, afya na zimamoto, kila mmoja kwa upande wake. Siku hizi maombi ya vibali na leseni hupitishwa katika mfumo wa halmashauri uitwao Tausi, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na Serikali. Shikeni neno hili moja hata kama mengine yatasahaulika: mtu akikutaka fedha za kibali mkononi, bila ya namba ya malipo, huyo ni kishoka, hata kama amevaa tai.

Tano, asiyejenga kitu. Aliye na chumba kilichokwisha simama na anataka kukipangisha kwa mwezi kwa mtu wa kukaa, huyo hajengi, na kibali cha ujenzi hakimhusu. Lakini mkataba, kodi ya Serikali na khabari kwa Mtaa vyamhusu kama wengine.

MPANGAJI WA MWEZI NA MGENI WA SIKU

Hapa wengi huchanganya, nasi tulichanganya. Mpangaji wa mwezi anakuja kukaa. Nyumba yabaki kuwa makazi. Mgeni wa siku mbili tatu, khasa mtalii, anakuja kulala na kuondoka, na hiyo ni biashara ya kulaza wageni. Biashara hiyo yataka leseni ya biashara kutoka halmashauri, na kwa kuwa ni ya utalii yaingia pia chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ambayo inataka leseni yake yenyewe ya mambo ya utalii, hata kwa nyumba ya mtu anayekaribisha wageni nyumbani kwake. Pana na ushuru wa kulaza wageni, na pana daftari ambamo kila mgeni huandikwa jina na pasipoti yake. Tena hati ikisema "makazi" tupu, ulizeni halmashauri kama patahitajika kubadili matumizi ya kiwanja. Maombi ya namna hiyo hutangazwa, ili jirani mwenye neno apate kulisema.

Mzee wetu alipoyasikia haya alimwambia mkwewe, "Tuanze na wa mwezi. Wa siku watakuja tukishajua kuogelea." Tuliona ni shauri la busara.

MKATABA NA KODI

Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Kurani kuandika deni la muda na kuweka mashahidi, na walakini ni wangapi kati yetu wanaopangisha nyumba kwa kupeana mikono tu? Mali bila daftari hupotea bila khabari. Binti na mumewe walipokea shilingi 1,200,000 pasipo waraka wowote. Alipokuja mpangaji kudai fedha zake, hapakuwa na karatasi ya kueleza kama ni za kodi, za amana, au za mkopo. Bahati kijana alikuwa mwungwana. Angelikuwa mgomvi, wangekutana katika Baraza la Ardhi na Nyumba.

Basi mkataba uandikwe: majina, kiwango, muda, nani hutengeneza kinachoharibika, na taarifa ya muda gani mtu akitaka kuhama. Ulipiwe ushuru wa stempu. Na hapa pana kodi ya Serikali: mpangaji hukata asilimia 10 ya kodi ya pango, huipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania, humpa mwenye nyumba hati ya makato. Katika shilingi 1,200,000 za miezi sita, ni shilingi 120,000. Mwenye nyumba asiyejua jambo hili hupigia hesabu fedha ambazo si zake.

Liko na jambo dogo ambalo huleta magomvi makubwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwa njia ya umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Kwa ghorofa ni zaidi, huhesabiwa kwa kila sakafu. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mpangaji hulipa deni lisilo lake. Iandikwe katika mkataba kuwa atarudishiwa au itapunguzwa katika kodi yake. Na nyumba moja ikiwekwa mita mbili, ile kubwa na ile ndogo, nenda ukaeleze Mamlaka ya Mapato, usije ukakatwa mara mbili kwa jengo moja.

WENYE NDUGU UARABUNI

Wanachama wengi wana ndugu Maskati na Dubai ambao hupenda kutia fedha katika nyumba za huku. Ndugu akiwa amechukua uraia wa nchi nyingine, basi mbele ya sheria si raia wa Tanzania, maana nchi yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Asiye raia hapewi ardhi ya Bara kama anavyopewa raia. Ana taratibu zake za peke yake, na aziulize kabla ya kutuma fedha. Kuandikisha jina la binamu ili kuficha mwenye mali ni kupanda mbegu ya ugomvi wa mirathi.

Wala asidhani mtu kuwa karatasi ya Arusha itamfaa Chake Chake. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya ardhi ya mwaka 1992, Mji Mkongwe una Mamlaka yake iliyoanzishwa mwaka 1985, na mambo ya wageni yamo mikononi mwa Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Raia wa Zanzibar aweza kumiliki kiwanja Arusha, lakini atafuata sheria za huko.

ILIVYOKWISHA

Chumba cha nyuma kilivunjwa. Mzee alisimama akitazama mpaka tofali la mwisho, kisha akawaambia mafundi wayasafishe mazima wayapange pembeni. Kilichobaki ni chumba kimoja, ukumbi, jiko na choo. Kikachorwa upya na mchoraji anayetambulika, faini ikalipwa kwa namba ya malipo, maombi yakapelekwa, na baada ya kusubiri kwa wiki kadhaa kibali cha kweli kikatoka. Kishoka hakuonekana tena, wala zile shilingi 400,000.

Mpangaji alirudishiwa fedha zake zote. Zilitoka wapi? Mzee alikuwa ameweka fedha za palizi ya shamba lake, ndizo hizo. Waliopita karibuni katika shamba lile wameona wenyewe majani yalivyofika. Halmashauri ya Jumuiya yetu imekubali kuwa siku moja baada ya sala ya Ijumaa ijayo wanachama wa tawi la Wete wende wakampalilie, nasi tutakuwa wa kwanza kushika jembe, kwa kuwa deni ni letu.

Ndugu Wanachama, hakuna kati yetu ambaye angethubutu kupakia gunia la karafuu garini na kulipitisha njiani pasipo kibali. Twajua litakamatwa. Ni ajabu kuwa mtu huyo huyo, mwangalifu kwa gunia moja, hupeleka mavuno ya mwaka mzima akayafanya kuta pasipo kumwuliza mtu.

Mwanachama yeyote ambaye yeye au mwanawe anataka kuongeza chumba cha kupangisha, Arusha au kwengineko, na aje ofisini na nakala ya hati yake kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Tutaisoma pamoja, na pale tusipojua tutaandika barua kwa wanaojua. Safari hii hatutajibu kwa wepesi.

Katibu wa Jumuiya